Makamu na Habari za Nyumbani

Siku ya kufunga shule mwezi wa Desemba, wazazi kila mahali huja kusikia mtoto wa nani kawa wa kwanza. Pale kwetu walikuja na kwa sababu nyingine. Walikuja kumsikiliza Makamu.

Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, na cheo kiligeuka jina. Watoto walimwita Makamu, wazazi walimwita Makamu, hata padri alipokuja kubariki darasa jipya, neno lake la kwanza aliposhuka kwenye pikipiki lilikuwa, "Makamu yuko wapi?" Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sitaliandika. Mwenyewe asingependa. Nikimkumbuka, namwona amesimama kwenye ngazi za ofisi, sweta la kijivu limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, kitenge kimekazwa kiunoni, na nyuma yake mawingu ya mvua yamelala juu ya mashamba.

Shule iko pale mji unapoishia ukitokea Mazwi, nyumba zinapoanza kuachana, mahindi na ulezi vikichukua nafasi. Nilipangiwa pale nikiwa mwalimu mpya kabisa. Nimezaliwa Majengo, nyuma ya duka la baba, kwa hiyo sikuwa mgeni wa baridi ya Sumbawanga wala wa upepo wake. Nilikuwa mgeni wa Makamu.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Mwalimu Mkuu alifungua kwa sala, akakumbusha mambo ya sare na madawati, akashukuru kamati ya shule. Kisha, kabla mwalimu wa taaluma hajasoma matokeo, Makamu alipanda ngazi, akaweka mikono nyuma na kusema, "Sasa habari za nyumbani." Hakushika karatasi. Alitazama watoto, hakutazama wazazi, akaanza: darasa la pili, kwa kina Neema wamezaliwa mapacha, mama yao anaendelea vizuri. Darasa la sita, kaka yake Deusi amefunga ndoa kule Laela. Darasa la tatu, babu yake Agripina ametolewa mtoto wa jicho na sasa anaona njia. Darasa la kwanza, kwa kina Osmundi, ng'ombe wao amezaa.

Mwaka wangu wa kwanza nilicheka niliposikia ya ng'ombe. Tulipokuwa tunarudisha viti ofisini nikamuuliza, "Makamu, na ng'ombe naye ni habari ya familia?"

"Mtoto ndiye aliyenipa. Kwake yeye hilo ndilo jambo kubwa la mwaka mzima. Ulitaka nimwambie habari yake ni ndogo?"

Akizaliwa mtu, watu walipiga makofi. Kwenye ndoa akina mama walipiga vigelegele. Kwenye kifo, wote walisimama, tukanyamaza kidogo, kisha Makamu akasema, "Pole sana, mtoto wetu," na kutaja jina la mwanafunzi aliyefiwa. Baada ya hapo ndipo yakaja matokeo. Sikuwahi kusikia shule nyingine iliyofanya hivyo, na kwenye shule yetu hakuna aliyekumbuka lini alianza.

Habari zenyewe alizikusanya mwezi wa Novemba, watoto wakiwa kwenye foleni ya uji. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akauliza, "Nyumbani kuna jipya gani?" Wengi walimjibu kwa Kifipa, maana mambo ya nyumbani huwa na lugha ya nyumbani, naye aliwafuata huko huko kwenye Kifipa. Hayo yalitokea chini ya kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, TUNAZUNGUMZA KISWAHILI FASAHA. Kibao hicho alikiandika yeye, na ole wako wewe mwalimu akusikie ukisema Kifipa darasani.

Akishasikiliza, aliuliza swali la pili. "Niseme, au nisiseme?"

Mtoto akijibu "usiseme," mambo yaliishia pale. Kulikuwa na mvulana wa darasa la nne ambaye mama yake alikuwa amerudi kwao. Mtaa mzima ulijua. Mwalimu mmoja, mwanamke mwenzangu, alijaribu kumchokonoa Makamu wakati wa chai: hivi yule mama kaondoka mwenyewe au kafukuzwa? Makamu alikuwa anamenya kiazi cha kuchemsha. "Mtoto amekataa," alisema, akaendelea kumenya.

Umbea hakuupenda kabisa, jambo lililowashangaza wageni, kwa kuwa alijua mengi kuliko mtu yeyote kati ya pale na kanisani. Ukianza kumsimulia kwamba fulani kaonekana na fulani, alikukatisha. "Hiyo si habari, hiyo ni njaa ya mdomo. Kunywa chai."

Lakini nisije nikampamba. Makamu alikuwa na ulimi mkali, na kuna siku tulimchoka. Waliochelewa aliwaweka getini hata mwezi wa saba, upepo ukikata masikio, watoto wanatetemeka na masweta yaliyotoboka viwiko. Niligombana naye juu ya hilo zaidi ya mara moja, na sikushinda hata mara moja. Baba mmoja aliyemleta binti yake kwa baiskeli huku akinuka pombe ya ulezi alisemwa mbele ya darasa zima mpaka akasahau baiskeli yake. Kuomba samahani hakujua. Akigundua kwamba amekukosea, kesho yake alikusalimia mapema kuliko siku zote, akakuuliza umelalaje, na hapo kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Tena majina ya watoto hayakukaa kichwani mwake. Alijua nyumbani kwenu kabla ya kukujua wewe. "Wewe wa kwa seremala, njoo futa ubao." "Wewe wa nyumba yenye mipera, dada yako amepona?" Siku ya kufunga shule tu ndipo majina yote yalimjia, hakuna hata moja lililopotea. Sijui alifanyaje. Nadhani alikesha anayarudia kama mtu anayejifunza sala.

Mara moja tu nilimwona akiharibu kazi hiyo. Katoto ka darasa la kwanza kalikuwa kamemwambia kwenye foleni ya uji kwamba bibi ametoka. Kalikuwa na mapengo mbele, maneno yanapita na hewa. Makamu akasikia bibi ametutoka. Akauliza kama kawaida, niseme? Kakasema, sema. Basi siku ikafika, akasimama, akatangaza kwa sauti ya chini kwamba bibi yake huyo mtoto ameaga dunia. Shule nzima ikasimama kimya, wazazi nao kofia mikononi.

Kwenye benchi la pili ajuza mmoja akainuka polepole, akiegemea fimbo. "Mwalimu," alisema, "mimi nimetoka hospitali. Duniani bado nipo."

Kilichofuata siwezi kukieleza. Watoto walianguka kwenye majani kwa kicheko, Mwalimu Mkuu alijifunika uso kwa makabrasha yake, na yule bibi mwenyewe alikuwa anacheka kuliko wote, jino moja nje. Makamu hakucheka. Alishuka ngazi, akapita katikati ya watoto, akafika mbele ya bibi na kupiga magoti kwenye tope na kitenge chake cha sikukuu. "Shikamoo, mama. Unisamehe sana."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utalowa. Angalau nimejua watakaonililia."

Ndiyo siku pekee niliyosikia neno "unisamehe" likitoka kinywani mwake.

Sasa nifike kwa Kabula.

Miaka hiyo familia kadhaa za Wasukuma zilikuwa zimekuja na ng'ombe wao, zikajenga upande wa bonde, mbele ya shule. Watoto wao walianza kuja darasani. Kabula alikuwa mmoja wao, darasa la tano, binti mrefu, mpole, hodari wa hesabu. Mwaka mmoja ng'ombe wa baba yake walivunja wigo wakati vijana wa kuchunga wamelala, wakaingia kwenye ulezi wa mzee mmoja mjumbe wa kamati ya shule. Ulikuwa karibu kuvunwa. Waliula na kuukanyaga wote. Baraza la kijiji likakaa, maneno makali yakasemwa, fidia ikapangwa, lakini chuki ikabaki. Watu wakaacha kusalimiana na watu wa bondeni. Kisimani wanawake wao walisubiri mpaka wenyeji wamalize.

Mwishoni mwa Novemba mama yake Kabula akaugua ghafla na kufariki. Walimzika wenyewe kwa wenyewe. Kwa kawaida ya kwetu, akifa mtu, hata uliyegombana naye jana, unakwenda. Unabeba kuni, unakaa. Safari ile watu hawakwenda. Nami sikupata habari mpaka Kabula aliporudi shuleni, nywele zimenyolewa.

Makamu alimkuta kwenye foleni ya uji kama alivyowakuta wengine. Mimi nilikuwa nagawa vikombe, niliwasikia.

"Nyumbani kuna jipya gani, mwanangu?"

"Mama amekufa."

Makamu akauliza, "Niseme, au nisiseme?"

Kabula alitazama uji wake. "Sema," alijibu. "Lakini wataguna."

Siku moja kabla ya kufunga, Mwalimu Mkuu alimwita Makamu ofisini. Alikuwa mtu mwema, mwoga wa misukosuko, na alikuwa anakaribia kuhamishwa kwenda karibu na kwao, jambo alilolisubiri sana. Nilikuwa pale najaza ripoti, hakuna aliyeniambia nitoke.

"Makamu, huyu mtoto wa bondeni tumpe pole hapa ofisini, mimi na wewe. Huko nje watu bado wana hasira."

"Nimemuuliza. Amesema niseme."

"Mtoto ni mtoto."

"Na aliyekufa ni mama yake."

"Sikatai. Ninachokuomba, usiwashe moto siku ya kufunga shule."

Makamu alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mbele ya mkubwa wake. "Mwalimu Mkuu, tukitaja wafu wa watu wote, tukamruka mmoja, yule tuliyemruka ndiye watoto watakayemkumbuka."

Mwalimu Mkuu alisugua paji la uso. "Haya. Lakini mimi sijakutuma."

"Hujanituma."

Kesho yake mvua ilikuwa inanyemelea. Wazazi walijaa kwenye mabenchi upande wa kulia, yule mzee wa ulezi akiwa mbele na kofia yake ya sufu, mke wake pembeni, mjukuu mchanga mgongoni. Makamu alianza. Mjukuu huyo alikuwa miongoni mwa waliozaliwa, akatajwa, tukapiga makofi, mzee akainua mkono kushukuru. Zikaja ndoa, vigelegele. Kisha akasema, bila kubadili sauti:

"Darasa la tano. Nyumbani kwa Kabula mama yao amefariki. Ameacha watoto, mdogo kabisa bado alikuwa ananyonya. Wameshazika."

Watoto walisimama, kama walivyozoea kila mwaka. Sisi walimu tulisimama. Kwenye mabenchi ya wazazi hakuinuka mtu.

Miaka mingine Makamu angeshasema pole na kuendelea. Safari hii alibaki amesimama, mikono nyuma. Bati lililolegea juu ya darasa la tatu lilikuwa linagongagonga kwa upepo. Mwalimu wa taaluma, kwa kuona aibu, akaanza kufungua faili la matokeo. Makamu alimwinulia kiganja bila kumtazama.

"Tunasubiri," alisema.

Yule mzee ndiye aliyevunja ukimya. "Makamu, endelea na mambo ya shule. Ng'ombe wao walipomaliza ulezi wangu, hapa hapakusimamishwa mtu."

"Ulezi wako niliuona, mzee wangu, na uliniuma. Lakini leo nasema habari ya mama wa mtoto."

"Ni hao hao."

Nilimtazama Kabula. Alikuwa amesimama katikati ya wenzake, macho kwenye viatu, na msichana wa pembeni yake alikuwa amemshika ncha ya sweta. Nikatamani Makamu amalize. Niseme kweli, nilitamani asingeanza.

Aliyeinuka ni mke wa yule mzee. Alijipandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza mbeleko, akasema kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Nilikuwa nachota naye maji." Akabaki amesimama. Mumewe akamvuta kitenge, yeye akautoa mkono wa mumewe taratibu, kama unavyotoa mkono wa mtoto. Mwanamke wa jirani akainuka. Kisha wawili nyuma. Kisha benchi moja na jingine, viti vikilalamika. Hawakuinuka wote. Mzee alibaki amekaa, na wanaume kadhaa pamoja naye, kofia kichwani.

"Pole sana, mtoto wetu Kabula," alisema Makamu. Akashuka, na matokeo yakasomwa. Kabula alikuwa wa pili. Watu walipiga makofi kwa namna ya kupooza, hawajui washangilie au wafanye nini.

Nilidhani yamekwisha. Ripoti zilipogawiwa, Makamu alivua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba na kuvitupia begani. "Mimi nakwenda bondeni kutoa pole," aliwaambia watu waliokuwa wanatawanyika. "Anayetaka twende. Asiyetaka, Noeli njema."

Tulikwenda kundi la wastani: darasa la tano karibu lote, walimu baadhi, akina mama wenye watoto mgongoni, na mke wa yule mzee nyuma kabisa. Mwalimu Mkuu alisema ana ripoti za kumalizia. Tulipofika kwenye daraja la magogo nikageuka, nikamwona anakuja na mwavuli wake.

Baba yake Kabula alikuwa anatengeneza zizi. Alipoona umati unateremka alishika fimbo yake kwa nguvu, akasogea mbele ya nyumba. Labda alidhani tumekuja kwa shari. Makamu alimwendea na miguu yake ya matope na kumwamkia kwa Kisukuma chake cha kuokoteza, "Mwangaluka!" Ilikuwa mchana, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Watoto wadogo wa pale wakacheka kwa kujificha nyuma ya mlango.

"Baba Kabula," alisema Makamu, "tumechelewa. Tumekuja kukaa na nyinyi kidogo."

Yule mwanaume aliilaza fimbo chini. Aliingia ndani, akatoka na ngozi za ng'ombe na mikeka, akatandika, akaingia tena. Viti havikutosha, wengi tulikaa chini. Wanawake waliingia ndani kwa yule mtoto mchanga, na tukasikia mke wa mzee akiuliza anapewa nini, maziwa mnachemsha? Mtoto alikuwa analia kwa njaa, na yule mama, akiwa na binti yake nyumbani anayenyonyesha, alikuwa amezoea kulea. Alikaa naye mapajani saa zote tulizokuwa pale, akimnywesha kwa kijiko.

Tulipoinuka kuondoka, baba yake Kabula alipeana mikono nasi mmoja mmoja, hata watoto. Alipofika kwa Makamu alisema, "Nilidhani tumezika peke yetu."

Gharama ilikuwapo. Yule mzee aliwahamisha wajukuu wake kwenda shule nyingine, akapeleka malalamiko kwa ofisi za juu kwamba Makamu anachanganya shule na ugomvi wa watu. Makamu aliitwa, akajieleza, akarudi na uso ule ule. Mwalimu Mkuu alipohama, sote tulitegemea kwamba kiti ni chake. Akaletwa mtu mwingine. Makamu alimpokea, akamwonyesha funguo, akamwonyesha bati linalogonga. Nilipomwambia kwamba hawakumtendea haki, alinikatisha kama alivyowakatisha wambea. Mke wa mzee aliendelea kuteremka bondeni kila alipopata nafasi, mpaka mtoto akaanza kutembea. Mumewe alijua. Hakumkataza, wala hakusalimiana na watu wa kule mpaka mwisho.

Jambo ambalo sikulielewa ni kwamba mwanamke huyu aliyebeba habari za kila mtu, zake hatukuzijua. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya walimu, na chini ya dirisha lake alipanda maboga. Jumatatu moja alifundisha darasa la kwanza kuandika herufi, akapanga zamu, akagombana na mpishi wa uji juu ya kuni mbichi. Wiki mbili baadaye dereva wa basi ndiye aliyetuambia kwamba Jumamosi iliyoitangulia alikuwa kwao Kabwe, ziwani, kumzika kaka yake.

Niliumia. Nilimfuata nyumbani kwake. "Makamu, kwa nini hukutuambia? Tungekuja."

"Ningewaambia kwa njia gani?"

"Ungetangaza. Wewe ndiye unayetangaza."

"Zile ni habari za watoto," alisema. "Mimi sina mtoto shuleni." Akanipa boga nikapike, akanifungulia mlango.

Alistaafu mwaka ambao mvua zilichelewa. Siku yake ya mwisho alitaja habari za nyumbani kama miaka yote, waliozaliwa, waliooana, waliofariki, na akashuka ngazi bila kusema kwamba anaondoka. Ilibidi Mwalimu Mkuu mpya aeleze, watoto wakaanza kulia, naye akawakemea wanyamaze ili matokeo yasomwe. Baada ya Noeli akapanda basi na sanduku lake kwenda Kabwe kukaa na mdogo wake. Desemba iliyofuata tulikwenda moja kwa moja kwenye matokeo. Sasa wazazi wana kundi la simu. Mtu akifiwa, anaandika, na vikatuni vya kulia vinamiminika mpaka jioni. Si vibaya. Watu wanapata habari mapema.

Mwaka jana nilipangwa kusimamia mtihani wa darasa la saba kwenye shule ya ufukweni, huko Nkasi, si mbali na Kabwe. Tulipomaliza, nikabaki na nusu siku kabla ya gari kuondoka, nikauliza njia kwenda kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mdogo wake, amekaa kwenye kigoda, gauni jepesi, miguu peku, akilinda dagaa walioanikwa mchangani wasiliwe na bata. Amepungua mwili. Mikono ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, Makamu."

Alikinga jua kwa kiganja. "Marahaba, mwanangu. Umefuata nini kwenye joto hili?"

Nilimweleza ya mtihani. Akanisogezea kigoda kingine. Njiani kote nilikuwa nimejipangia mambo ya kumwambia, kama mtu anayefunga mzigo wa zawadi, kwa hiyo nikaanza hapo hapo: Makamu, habari za kule ni nyingi, Kabula sasa—

Aliinua kiganja. "Usinisimulie."

Niligeukia dagaa.

"Si kwamba siwatakii mema. Nilikuwa nalala nao, mwanangu. Kila Novemba naingia kwenye nyumba za watu wote, natoka na vilio vyao, asubuhi nakwenda kufundisha a, e, i. Hapa nimezoea kusikia maji tu. Niache nayo."

Nilihisi kama nimefungiwa mlango. Tulikaa. Alirushia bata kijiwe, bata akahama. Chini ufukweni wavuvi walikuwa wanakunja nyavu, mmoja akiimba vibaya. Nilianza kutafuta neno la kuagia.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi mzima, Makamu."

"Sijauliza uzima. Nimekuuliza wewe. Tangu umekaa hujanitazama."

Kwanza nilisema hakuna kitu. Kisha nikamwambia. Kwamba mwezi wa nne nilijifungua kabla ya siku zake, mtoto hakulia. Kwamba shuleni nilisema ni malaria, nikarudi kazini wiki iliyofuata, nikasahihisha madaftari. Kwamba mume wangu anaendesha lori la mahindi, na akirudi tunazungumzia barabara na bei ya matairi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama. Na manesi."

"Alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

Makamu alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. Sikujua atasema nini, na niliogopa asije akasema lile ambalo watu husema, kwamba Mungu atakupa mwingine. Hakulisema. Aliinuka kwa kushika magoti, akaingia jikoni, nikasikia sufuria. Alirudi na maji ya kunawa, ugali, na mgebuka mmoja mkubwa wa kuchemsha. Akaweka sahani katikati yetu, akavuta kigoda chake mpaka goti lake likagusa langu.

Akaanza kuchambua samaki kwa vidole, mwiba baada ya mwiba, akipapasa kila kipande kabla ya kukiweka upande wangu, kama anavyolishwa mtoto mdogo. Nilitaka kumwambia kwamba naweza kuchambua mwenyewe. Sikumwambia. Nilimega ugali nikala, machozi yakiteremka mpaka kidevuni, na yeye hakuniambia ninyamaze. Aliendelea kutoa miiba mpaka samaki akaisha.